Mpini wa Mdahila

Juzi nimepewa kibarua cha kufyeka makaburi ya Waingereza,
yale ya juu ya korongo, upande unakotokea upepo wa Mpwapwa.
Elfu kumi na tano na soda moja.
Nikaenda na panga la jirani
na mpini wa jembe la babu wa babu yangu.
Mpini tu. Chuma kililiwa na kutu
kabla mama hajazaliwa.

Mawe ni saba.
Moja limepasuka katikati ya jina.
Jingine fupi kama kigoda cha jikoni: la mtoto.
Hilo nililing'olea nyasi kwa mkono.

Kwetu husimuliwa kwamba walikuja kumi na wawili
na mizigo mia mbili: madirisha ya vioo
kwa nchi ya tembe,
mbegu za kabichi, kengele, kinanda kisichoitika
kwa kuwa mchwa walishakipiga njiani.
Wakajenga bondeni, karibu na maji.
Wazee wakawaambia, hapo hata ng'ombe hatulazi.
Wakaandika daftarini
kwamba wenyeji ni wavivu, wanaishi mbali na maji.

Masika yalipokolea homa iliingia bila hodi.
Seremala alimaliza jeneza la mwenzake Jumatatu,
akafa Jumanne,
akazikwa juu ya mlango.
Daktari akajiandikia dawa, akaisahau mezani.
Maksai wakaanguka mmoja mmoja kwa mbung'o,
na kabichi zikatoa majani manne,
zikalitazama jua, zikaghairi.

Kiangazi, ardhi ya huku ni mfupa.
Mdahila alikuwa kijana, ana nguvu, hana mke.
Alilipwa mkono mmoja wa merikani kwa kila shimo
na kwa kila shimo alikata alama mpinini,
si kwa majonzi:
aliogopa kudhulumiwa.

Jambo moja tu alilisimulia bila kuulizwa.
Mama wa yule mtoto, aliyemwita Bibi Heleni,
alishuka shimoni kabla ya maziko,
akajilaza humo, magoti kifuani,
watu wamesimama, hakuna wa kumshika.
Kisha akasema, kwa Kigogo cha kuokoteza,
kuna jiwe hapa, linachoma ubavu.
Mdahila akaingia, akalichimbua.
Lilikuwa kubwa kama boga.
Bibi akajilaza tena, akanyamaza kidogo,
akasema, sasa sawa.
Kwa jiwe hilo hakudai kitambaa.

Waliosalia waliondoka usiku, madirisha wakayaacha.
Kioo kimoja tunacho hadi leo,
tunafunikia mtungi.

Jua lilipofika utosini nikaketi,
nikapapasa mpini kwa kidole gumba.
Thelathini na moja.
Nikarudia kutoka chini kwenda juu.
Thelathini na moja.
Mawe saba.

Basi wale wengine ni wapagazi wa kinanda,
waliotoka pwani na mabega mazima.
Ni mpishi. Ni yule mvulana wa kuteka maji
aliyebatizwa Yona
na hakulivaa jina hilo hata mwezi.
Homa haikuuliza nani kaja, nani kaletwa.
Kalamu ndiyo iliyouliza.

Asubuhi nilimwuliza bwana Msagati, mwenye kibarua,
nifyeke hadi wapi?
Hadi mawe yanapoishia, akasema, na risiti utasaini.

Nikapita mawe.
Nikafyeka hadi kwenye migunga, nikafyeka
hadi ardhi inapoanza kutelemkia korongoni,
soda imechemka kwenye chupa yake,
panga limekuwa butu na jirani atanisema.
Sijui kama nilifyeka makaburi
au nilifyeka nyasi.
Pale penye vibonde nilisema mbukwa
kwa sauti ya kawaida,
kama unavyomsalimu mtu aliyekuwepo
tangu ulipofika
na hukumwona.